Mteremko Ambao Sikuushuka

Huko Uvira baba alikuwa fundi wa malori, na mafundi wa barabara yetu walikuwa na desturi moja: aliyefunga breki ndiye anayepanda siku ya kwanza gari linaposhuka mlima. Anakaa pembeni ya dereva, amepakata kale, yaani kipande cha mti kilichochongwa kama kabari, na mkono mmoja uko kwenye kitasa cha mlango. Pedali ikizama, anaruka na kuisukuma kale chini ya tairi la nyuma. Barabara ya kutoka Bukavu kushuka bonde la Ruzizi ina kona ambazo dereva haoni lori linalopanda mpaka liko mbele ya uso wake, na baba alizishuka zote amepakata mti. "Fundi anayeogopa kupanda," alikuwa akisema, "huyo hakufunga. Alifungafunga tu."

Baba hakufa kwa breki. Aliugua, kama mama alivyougua kabla yake. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo niliacha shule nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, nikawachukua wadogo zangu watatu, tukavuka ziwa, tukapita Tanzania, tukaishia Dzaleka, kambi ya wakimbizi karibu na Lilongwe. Baadaye nilipata kazi Lilongwe, Area 23, kwenye uwanja wa mafundi ulioezekwa kwa maturubai. Miaka ile nilikuwa narudi kambini mwisho wa mwezi, na wadogo zangu walikuwa wananingoja kama wageni wanavyongojwa. Kisha ikatoka amri kwamba wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Nilirudi na sanduku langu la spana begani. Tangu hapo, kutoka nje ya kambi ni mpaka upewe ruhusa.

Wateja wa mjini hawakunifuata, isipokuwa mmoja.

Alikuja asubuhi ya Jumatatu, na kabla sijaliona gari lenyewe nilisikia tumbo lake likikwaruza tuta karibu na soko. Lilikuwa gari dogo la michezo la Kijapani, viti viwili tu, bapa kama ndala, lina umri mkubwa kuliko mdogo wangu wa mwisho. Watoto walikuwa wanalikimbilia pande zote mbili. Mwenye gari, Mmalawi wa makamo anayependa kuchomekea shati, alitoka akiwa amejikunja, akanyoosha mgongo, akaniambia kwa Kichewa, "Achimwene, ndugu yangu, nimekutafuta mpaka nimekupata. Nyinyi watu mnaishi mwisho wa dunia."

"Hatukuchagua, bwana," nikamjibu, tukacheka.

Gari lilikuwa la kaka yake aliyefariki. Kaka mtu alikuwa amekwisha kuagiza vifaa vya kuliimarisha, na maboksi yalikaa chini ya kitanda cha mama yao tangu msiba. Sasa mama alitaka kurudishwa kijijini kwao, chini kule upande wa ziwa, na alikuwa amesema hatapanda basi. Atapanda gari la mwanawe. Njia yao inapita Nathenje, inapita Dedza, kisha inashuka mteremko wa Golomoti, kona juu ya kona. Ni mteremko huo huo ambapo kaka mtu, miaka kadhaa nyuma, alipoteza breki na kusimama kwa kujigonga kwenye ukingo wa udongo; siku hiyo alipona.

"Tunaondoka Jumamosi," alisema. "Nataka lisimame ninapoliambia simama. Hilo tu."

Tulifungua maboksi juu ya mkeka. Kulikuwa na diski za mbele pana kuliko za zamani, kalipa za kubana diski, zenye pistoni nne kila moja, pedi ngumu, mipira ya breki iliyofumwa kwa nyuzi za chuma, na shokomzoba nne zenye springi zilizovikwa nje na pete za kuzungusha, ili fundi aweze kuliinua gari au kulishusha apendavyo. Nilikuwa sijawahi kushika vitu vizuri namna hiyo. Huko mjini tulikuwa tunaviona kwenye simu tu.

"Lishushe vidole viwili," alisema. "Kaka alitaka hivyo."

Nilimwambia jambo langu kabla hajaondoka. Nilimweleza desturi ya baba. Nilimwambia kabla mama yake hajakaa kwenye kiti kile, nitapaswa kukaa mimi, tushuke Golomoti mara moja, turudi, ndipo amchukue mama.

"Petroli ya safari mbili nitaitoa wapi?" aliuliza. "Hii niliyo nayo nimeilalia kwenye foleni. Safari ni moja, achimwene. Na viti ni viwili."

"Basi walau nifike nawe kwenye lami. Pedi mpya lazima zipashwe moto barabarani, kwa mwendo mkubwa, zikubaliane na diski. Sitakupa gari ambalo sijalisikia."

"Pata ruhusa," alisema. "Mimi kiti nitakuwekea mpaka nifike mjini kumchukua mama." Kisha akapanda kabaza hadi barabara kuu, shati limechomekewa, magoti yamepanuliwa nyuma ya kijana wa baiskeli.

Basi kwangu mimi juma zima lilikuwa na jambo hilo moja: kukaa kwenye kiti kile kabla ya mama wa watu.

Kazi ya breki niliifanya na mdogo wangu wa kike, anayenifuata. Yeye ni mshonaji, mguu wake umezoea pedali ya cherehani. Kutoa hewa kwenye breki kunataka watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini kwenye gurudumu anafungua nipo, kitundu cha kutolea hewa, mafuta yanatoka na hewa, anafunga, mwenzake anaachilia. Nilikuwa nimelala ubavu na chupa ya mafuta kifuani.

"Kanyaga. Shika. Usiachilie."

"Nashika."

"Sasa achilia."

"Yaya, inazama tena," akasema; kwetu yaya ni mkubwa wako.

"We kanyaga tu."

"Mi nakanyaga! Ni gari njo haitaki."

Tulifanya hivyo mpaka mchana ukageuka. Kila mara pedali ilikuwa laini, kama unakanyaga kitumbua. Majirani walishakuja kutazama, wameleta na viti vyao. Mmoja alishauri tuombe. Mdogo wangu akamwambia kwamba Mungu ana kazi nyingi, yeye alete chai.

Ndipo nilipolala chali na kutazama vizuri. Nipo zote mbili za mbele zilikuwa zinaangalia chini. Nilikuwa nimefunga kalipa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zilifanana kama mapacha, na maandishi ya Kijapani ya kwenye boksi sikuweza kuyasoma. Hewa hupanda juu. Kama tundu liko chini, mafuta yatatoka siku nzima na hewa itabaki palepale ilipo, imekaa. Nilizifungua zote, nikazibadilisha. Jua lilipokaribia kuzama mdogo wangu alikanyaga, akakanyaga tena.

"Yaya," alisema. "Sasa iko inakataa kushuka."

"Kabisa?"

"Kama jiwe."

Alishuka, akajinyoosha, akarudi kwenye gauni la watu alilokuwa ameliacha nusu.

Siku iliyofuata nilifunga shokomzoba. Nililishusha vidole viwili kama nilivyoagizwa, nikaliwasha, nikalitoa kwenda kulijaribu kwenye barabara ya kambi. Halikufika mbali. Kwenye mtaro wa kwanza tumbo liligonga, kwenye wa pili likakwama, na watu wakanisaidia kulinyanyua kwa mikono. Jirani yetu, mzee wa Fizi, karibu na kwetu Uvira, aliyeendesha malori ya mihogo ujana wake wote, alikuja ameshika mswaki mdomoni.

"Hii gari iko chini hivi juu ya nini? Iko inanusa barabara?"

"Njo vile benye nazo banapenda, papa," nikasema, yaani wenye pesa.

"Benye nazo bana barabara. We uko na nini?" Aliinama, akachungulia chini ya tairi. "Pandisha. Gari inapandishwa, haishushwe. Nani alikufundisha kushusha gari? Baba yako?"

Hapo alinishika. Baba hakuwahi kushusha gari lolote maishani mwake. Kwetu kuimarisha gari maana yake ilikuwa kuongeza majani ya springi, kuweka vipande vya mpira, kulipa miguu mirefu ili lipite kwenye tope. Nilizungusha pete zile kwenda juu, mzee akiwa amechuchumaa pembeni anasema "tena, tena," mpaka pete zikafika mwisho wake. Nikalijaribu upya. Lilipita kwenye mitaro yote bila kugusa. Nilizunguka nalo njia ya soko, nikarudi njia ya kisima, watoto wanashangilia, na mzee akawa anawaambia watu kwamba gari hili tumelitengeneza yeye na mimi.

Alhamisi nilikwenda kuomba ruhusa. Karani alikuwa kijana mpole. Tulizungumza kwa Kichewa.

"Sababu ya safari?"

"Kujaribu breki."

"Za nani?"

"Za gari, bwana."

"Gari ni lako?"

"Hapana."

"Wewe ndiye dereva?"

"Hapana."

"Basi wewe ni nani ndani ya gari hilo?"

Nilimwambia mimi ndiye niliyezifunga. Alicheka, lakini si kwa ubaya. "Achimwene, hospitali naijua. Msiba naujua. Mtihani wa shule naujua. Breki hawajaniambia. Rudi wiki ijayo, mkubwa wangu atakuwepo."

"Safari ni Jumamosi."

"Basi Jumamosi watasafiri wenye safari," alisema, akamwita mwanamke aliyekuwa nyuma yangu na mtoto mgonjwa. Nilimpisha mtoto yule, nikatoka.

Nyumbani mdogo wangu alinitazama mara moja tu, akajua. Alirudi kukoroga nsima, ugali wa huku, mgongo umenigeukia.

"We unafikiria kwenda bila ruhusa."

"Ni mpaka mjini na kurudi. Nitainama pale kwenye kizuizi cha polisi."

"Utainama! Ndani ya gari ile kila mutu anaitazama?" Aligeuka na mwiko mkononi. "Bakikukamata, siye tutabaki na nani? Bale bawili biko shule. Mi na cherehani moja. Yaya, baba alikuwa anapanda na kale, sawa. Lakini baba alikuwa kwao."

Nilinawa, nikala. Ni kweli, wapo tuliowafahamu waliokamatwa barabarani wakalala rumande, na nyumba zao zikakaa kama zimefiwa. Tangu mama alipokufa sijawahi kuwaacha hawa watatu wasijue niko wapi. Lakini pia sijawahi kumpa mtu breki ambazo mimi mwenyewe sijazikalia. Mambo haya mawili hayakuwahi kugombana kabla ya juma lile. Nililala nikiyasikia yote mawili, na asubuhi nilikuwa nimeshajua nitabaki, na kujua huko hakukunipa raha yoyote.

Ijumaa mwenye gari alikuja. Alilizunguka, akalitazama.

"Limesimama juu kidogo."

"Kwa ajili ya barabara," nilisema. "Lijaribu."

Alipita mitaro bila kukwaruza, akarudi anatabasamu mpaka masikioni. Aliporidhika hivyo nami nikaridhika. Hakuna aliyekumbuka vidole viwili vya marehemu. Kisha akafungua mlango wa pili kutoka ndani. "Haya, panda."

Nilisimama na mkono juu ya mlango. Ndani kulinukia ngozi ya zamani na mafuta mapya.

"Sikupata," nilisema.

Hakunishurutisha. Nilimwelekeza la kufanya: akivuka Nathenje atafute mahali palipo wazi, aende kwa kasi, akanyage kwa nguvu bila kusimama kabisa, aachilie, arudie, mpaka asikie pedali imebadilika, kisha aendeshe taratibu bila kukanyaga, zipoe. Nilimwambia anipigie wakati huo na simu aiweke chini, karibu na pedali.

Jumamosi asubuhi nilikaa kwenye benchi ya mdogo wangu, mbele ya cherehani yake, simu mkononi. Ilipolia, nilisikia upepo kwanza, kisha sauti ya mwanamke mzee.

"Huyu ndiye fundi?"

"Ndiye, mama," mwanawe alijibu.

"Mbona hayupo kwenye gari?"

"Hana ruhusa ya kutoka."

"Ana ruhusa ya kutuua lakini." Kisha akaipaza sauti kuelekea kwenye simu. "Fundi! Nikifa leo nitakufuata huko huko kambini, na mimi siombi ruhusa kwa mtu!"

"Zikomo, mayi," nilisema, yaani asante, mama. Mdogo wangu alificha uso kwenye kitambaa akicheka.

Nilimwambia mwenye gari aanze. Injini ilipanda sauti. "Sasa," nikasema. Nikasikia pedi zikishika: kwanza sauti ya kukwaruza, kama sahani inayosuguliwa kwa mchanga. "Achilia. Tena." Ya tatu ilikuwa na mlio mwembamba upande mmoja. Nilifumba macho. Nilikuwa nataka kuuliza harufu ikoje, usukani unavuta wapi, kiti kinatetemeka vipi, mambo ambayo mwili wa fundi ungeyajua wenyewe bila kuuliza. "Tena." Mlio ulipungua. "Tena." Safari hii hapakuwa na mlio, ila mngurumo mzito wa chini, na mama akasema, "Yesu wangu," kwa sauti ya mtu aliyesukumwa mbele.

"Imekuwa ngumu," mwanawe alisema. "Inashika juu kabisa."

"Inavuta pembeni?"

"Hapana. Moja kwa moja."

"Basi ipoze. Nipigie ukifika chini."

Simu ikakatika. Kuanzia hapo sikuwa na masikio tena. Nilishika kazi ya kunoa mkasi wa mdogo wangu, nikaunoa mpaka akaninyang'anya. Watu walileta nguo, wakachukua nguo. Mzee wa Fizi alipita kuuliza gari letu limefika wapi, na nilipomwambia liko mlimani alivua kofia, akakaa nami kwenye benchi. Nilikuwa naziona kona za Bukavu, maana za Golomoti sijawahi kuziona. Katika kila kona niliikanyaga ardhi kwa mguu wa kulia. Mdogo wangu aliona, akaendelea kushona.

Simu ililia mchana umeshapita.

"Tumefika," alisema.

"Pedali?"

"Kama ulivyoiacha. Nimekanyaga mlima mzima, haijazama hata kidogo."

Mzee wa Fizi alipiga makofi, akaondoka kwenda kuwatangazia watu. Lakini mwenye gari alikuwa bado anazungumza.

"Ila kona, achimwene. Kwenye kona linalala ubavu kama ng'ombe anayetaka kupumzika. Mama alishika mlango njia nzima akiimba nyimbo za kanisani. Breki zinasimamisha, lakini gari lenyewe halikai chini. Nadhani liko juu mno."

Nilijua hapo hapo. Nililitengeneza kwa ajili ya mitaro ya kambi, kwa sababu mitaro ya kambi ndiyo barabara pekee niliyoweza kulijaribia. Kama ningefika kwenye lami hata kwa kona mbili tu, nyonga zangu zingenieleza, na ningeshuka pale pale na spana.

"Nitakuletea wiki ijayo ulishushe," alisema.

Nilitazama njia ya soko, pale lilipokwama mara ya kwanza. Nilikuwa na hamu ya kusema ndiyo. Lilikuwa gari zuri kuliko yote niliyowahi kugusa, na yeye alikuwa mteja pekee aliyeona inafaa kunitafuta mwisho wa dunia.

"Usilete," nilisema.

"Kwa nini?"

"Nikilishusha hapa halitatoka hapa. Na nikilitoa, sitajua nimelishusha sawasawa, maana sitakuwa nawe kwenye kona. Tafuta fundi mjini anayeweza kupanda."

"Fundi wangu ni wewe."

"Breki ni zangu," nilisema. "Hayo mengine mpe mtu wa lami."

Nyuma yake nilimsikia mama yake akisalimiwa na watu wengi kwa pamoja, wanawake wakipiga vigelegele.

Wiki iliyofuata alinipigia kutoka uwanja wa mafundi huko Area 36, mjini. Alikuwa amempata mtu. Nilizungumza na fundi huyo kwa Kichewa, nikamweleza pete zinakazwa wapi, azungushe za mbele na za nyuma kwa usawa, asiguse kalipa, na kabla ya yote akae yeye mwenyewe kwenye kile kiti cha pili waende barabara yenye kona. "Nimekuelewa, boss," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye haraka na mwenye furaha. Baada ya muda nilisikia jeki ikishushwa, milango miwili ikifungwa, mmoja baada ya mwingine, na injini ile ninayoijua ikiondoka, ikipungua, ikiisha.

Simu waliisahau juu ya meza ya kazi bila kuikata. Niliendelea kuishika sikioni. Mtu alikuwa anagonga rimu kwa nyundo. Mwanamke alipita anauza mandasi, akaambiwa arudi baadaye, akajibu kwamba baadaye yatakuwa yameliwa na wenye akili. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Mdogo wangu aliniita nikale, akaniita tena. Nilimwonyesha kwa mkono angoje kidogo; gari lilikuwa bado halijarudi.